Mizizi ya Kizungu Nyumbani Kwetu Likoni

Enzi zetu kule Likoni, kabla bendera ya Mngereza haijateremshwa, mtoto akisoma nyumba nzima husikia. Tulisoma kwa sauti. Dada yangu Mwanaisha alikuwa akikaribia mtihani wa kuingia sekondari, na mwalimu wake, Mwalimu Josefu wa kutoka bara, aliwafunza kwamba Kizungu kimejaa mizizi ya Kilatini na Kigiriki. Ukiijua, neno geni halikutishi. Basi jioni, ameketi juu ya mbuzi akikuna nazi, harufu ya samaki wa kuchoma imejaa uani, yeye huimba: "Foto ni mwanga. Grafu, kuandika. Bio, uhai." Nami mdogo wake, ambaye bado sijapelekwa shule, nikiitikia huku nacheza kode kwa vijiwe vyangu.

Siku moja akaimba, "Theo ni Mungu."

Bibi Mwanakombo, mamake baba, akaacha kuchambua mchicha. "Ati nini? Lugha hizo si ndizo padri asomeazo kanisani? Hamisi mwanangu! Mtoto yuwabatizwa, nawe umekaa tu!"

Babangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. "Mwanaisha!"

"Abee, baba."

"Nenda katawadhe, uje unisomee Yasini bila msahafu. Ukikwama, shule basi."

Yasini aliihifadhi chuoni, kwenye Kurani, tangu mdogo, lakini miezi ile ilikuwa Kizungu asubuhi, Kizungu jioni. Mama akashika mwimo wa mlango. Dada akaanza vizuri. Katikati sauti ikatetemeka, akanyamaza, akameza mate. Bibi akaguna. Wallahi, nilidhani yamekwisha. Kisha akashika tena, akaenda nayo mpaka mwisho, jasho likimtiririka.

Baba akashusha pumzi. "Haya, kafanye mtihani wako." Akanigeukia mimi. "Lakini huyu mdogo atabaki nyumbani. Mmoja yuwatosha kunitia hofu."

Dada akawa mwalimu; mimi shule sikuikanyaga. Siku hizi mjukuu wangu Salim husoma kwa simu, masikio ameyaziba, hata mamake hajui anaambiwa nini, wala hapana wa kumuuliza. Juzi nikamwambia, "Foto ni mwanga." Akacheka: "Nyanya, Kigiriki umesomea wapi?" Mizizi ile yote ningali naijua kwa kusikia. Lakini Salim akinionyesha neno la Kizungu limeandikwa, sijui nianzie upande gani.