Bibi Yake Kisulisuli

Binti yangu aliniletea simu nikiwa nimekaa barazani kwa mjomba, pale Chanji, nimejifunika blanketi. Upepo wa Ufipa wa mwezi wa saba haujali kama wewe ni mwenyeji au umekuja likizo. "Baba, wanaanza upya!" akasema huku akirukaruka. Nikamuuliza nani wanaanza upya nini. Akanisogezea simu karibu na pua. Kumbe ni Kisulisuli, yule mtu wa kwenye filamu anayeruka angani kwa nguvu za upepo, steringi wa utoto wangu. Safari hii wamempa sura ya kijana mwingine nisiyemjua, ndevu zimechongwa, nguo nyeusi tii, utafikiri anakwenda kuzika.

Ndugu yangu, nilikasirika. Nasema hivyo mapema ili usije ukadhani nimekaa hapa kukusimulia utoto kwa sauti ya upole. Sikukasirishwa na ndevu wala na nguo. Nilikasirishwa na namna alivyotua. Katika kile kipande kifupi, kile wanachokitoa mapema ili kuwatia watu hamu, Kisulisuli anashuka kutoka mawinguni, anatua barabarani wima, anatazama mbele, halafu anaondoka zake. Basi. Hachuchumai, hapigi makofi, na mlangoni hakuna mtu.

"Bibi yake yuko wapi?" nikauliza.

"Bibi gani, baba?"

Ngoja nikueleze bibi gani. Mimi nililelewa na bibi mzaa mama, hapo hapo Chanji, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma yenye chumba kimoja kilichokuwa kinavuja na kingine tulimokuwa tunalala. Mama alifanya kazi Mpanda, alikuja akipata ruhusa. Bibi alikuwa na shamba nje ya mji, na kazi yangu kubwa ilikuwa kufukia nyasi kwenye yale matuta ya duara ambayo Wafipa wanalimia tangu zamani. Unafukia nyasi mbichi, unaacha zioze, mvua ikija unakuta udongo mweusi, unanukia. Tukirudi nyumbani kulikuwa na ugali wa ulezi, mwekundu, mzito, na maharage, na siku ya bahati samaki wa ziwani, migebuka wa kukaushwa. Nikila siku hizi ule ugali mweupe wa mjini nahisi nimekula hewa.

Na kulikuwa na banda la video. Lilikuwa la mabati, upande mmoja wameziba kwa turubai, na upepo ukipiga lilikuwa linalia kiasi kwamba mtafsiri alilazimika kupiga kelele. Humo ndani mlinuka petroli ya jenereta na masweta yaliyolowa. Tulikaa kwenye mbao zilizowekwa juu ya matofali, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Mtafsiri alisimama pembeni ya televisheni na fimbo yake, filamu ikisema Kiingereza yeye anasema Kiswahili. Alikuwa kijana aliyesoma misheni Kaengesa akarudi kabla hajawa padri, na hapo Chanji hakuna aliyekuwa na Kiingereza kumzidi. Lile jina la Kisulisuli ndiye aliyelitunga. La Kiingereza sikulijua hadi nimekuwa mtu mzima, na nilipolijua sikulipenda.

Sasa sikiliza. Katikati ya filamu ile kulikuwa na mahali ambapo Kisulisuli, baada ya kupigana na maadui juu ya maghorofa, anashuka mbele ya nyumba ndogo. Anatua kwa kuchuchumaa. Anapiga viganja vyake, pa, pa, pa, taratibu. Mlango unafunguliwa, anatoka kikongwe wa Kizungu mwenye kitambaa kichwani, anamsemesha. Mtafsiri akishusha fimbo, anatuambia kwa sauti ya chini: "Huyu ndiye bibi yake aliyemlea. Kila akitoka vitani anapita kwanza kumsalimia."

Kwa mtoto wa mahali pengine hilo lingekuwa jambo la kawaida. Kwetu sisi lilikuwa ushahidi. Wafipa wa zamani ndivyo wanavyosalimia wakubwa: unachuchumaa, unapiga makofi ya viganja taratibu, unangoja uitikiwe. Kwa hiyo Kisulisuli alikuwa Mfipa. Mtoto wa jirani yetu, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Rukwa na ng'ombe zao, alibisha sana. Yeye alitaka Kisulisuli awe Msukuma kwa sababu ana kifua kipana na haogopi kutembea. Tulimwambia, Msukuma gani anasalimia hivyo? Akanywea. Kesho yake nikamkuta nyuma ya choo cha shule anafanya mazoezi ya kuchuchumaa.

Na mimi nilibadilika. Zamani shikamoo yangu kwa bibi nilikuwa naitupa huku nakimbia, hata jibu silisubiri. Baada ya filamu ile nikaanza kuchuchumaa mbele ya jiko kila asubuhi na kupiga viganja. Siku ya kwanza bibi aliacha kuchochea moto, akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi anafungua mlango. Akauliza nani kanifundisha. Nikamwambia Kisulisuli. Akauliza huyo ni mtoto wa nani.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, bibi yangu alikuja kwenye banda la video. Alikuja na kitenge chake cha kanisani, blanketi begani na kigoda chake mwenyewe mkononi. Banda zima lilinyamaza, kwa sababu mtu mzima akija pale huwa amekuja kumtoa mtoto kwa fimbo. Mtafsiri alimwamkia, akamsogezea nafasi mbele kabisa. Bibi akakaa, akakunja mikono, akawatazama wale watu wanaopigana juu ya maghorofa.

Tulipofika kwenye ile nyumba ndogo, mtafsiri hakutumia Kiswahili. Kisulisuli alichuchumaa, akapiga viganja, na sauti iliyotoka ilikuwa Kifipa. Salamu kamili, ndefu, ile ya kuuliza habari za nyumba, za shamba na za wagonjwa. Na bibi yangu, Mungu amrehemu, aliitika. Aliitikia televisheni! Alipiga viganja vyake vikavu, pa, pa, pa, akajibu kila kitu alichoulizwa, hadi habari za mguu wake uliokuwa unauma. Hakuna aliyecheka. Wafipa wote mle ndani wakaanza kupiga viganja, halafu na yule Msukuma, na mabati yakawa yanalia juu yetu.

Njiani bibi alisema kitu kimoja tu. "Huyo kalelewa."

Basi sasa nikuulize, filamu gani ya siku hizi imewahi kumfanyia mtu hivyo? Na hawa wanaanza upya! Hii si mara ya kwanza, ndiyo maana damu inanichemka. Walishaanza upya nikiwa chuoni, nikajipa moyo, nikaenda hadi ukumbi mkubwa wa Dar es Salaam wenye viti vya sponji. Bibi hayupo. Nikasema labda wamemsahau, watu husahau. Wakaanza upya tena, nikaenda tena na matumaini yangu kama mjinga. Hayupo, na safari hiyo Kisulisuli alikuwa analialia tu kwenye giza, hujui anamlilia nani. Leo mara nyingine. Kila wakianza upya wanaongeza moto, wanaongeza vioo vinavyovunjika, na wanapunguza watu. Wana mabilioni ya kuangusha daraja zima, ila mlango mmoja wenye kikongwe ndani unawashinda.

Kwa hasira hizo nikamwambia binti yangu aniingize kwenye ule ukumbi wa mtandaoni wanapokutana washabiki wa Kisulisuli wa dunia nzima. Nilikuta wanatukanana kuhusu rangi ya joho. Mmoja anasema iwe ya bluu kama ya zamani, mwingine anasema akiiona bluu hatatazama. Watu wazima! Wana hofu zao na matumaini yao kama mimi, sikatai, ila hakuna hata mmoja aliyeuliza habari za bibi. Nikaandika kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: bibi yake mmempeleka wapi?

Wakanicheka. Mmoja akaandika kwamba Kisulisuli ni yatima, hana bibi, hajawahi kuwa na bibi katika filamu yoyote. Mwingine akaniuliza nimevuta nini. Binti yangu, ambaye Kiingereza chake ni cha kulipiwa ada, akaitafuta filamu ile ya zamani, ile ile ya banda letu, ikiwa na sauti yake yenyewe. Tukaitazama pale barazani. Mahali penyewe palipofika nikamwona Kisulisuli wangu anachuchumaa, anapiga viganja, mlango unafunguliwa.

"Huyo bibi anasemaje?" nikauliza.

Binti yangu akairudisha nyuma kidogo, akasikiliza tena. "Baba, anamfukuza. Anasema kamvunjia uzio wake, aondoke mlangoni kwake. Na Kisulisuli anajikung'uta vumbi la mikononi tu."

Nilimrudishia simu. Sikumbuki mara ya mwisho kukasirika kiasi kile, na sikujua nimkasirikie nani. Nikavaa viatu. Binti yangu akanifuata hadi mtaa wa Kizwite, ambako mtafsiri wa zamani ana kibanda cha kutengeneza redio. Nilimkuta ameinama juu ya spika, miwani imefungwa kwa uzi. Amezeeka. Nikamwamkia, akaitikia, akanitazama. "Wewe si yule mjukuu wa bibi aliyekuja na kigoda?"

Nikamwambia ndiye. Halafu nikamwambia, bila hata kukaa, "Mzee, ulitudanganya. Yule hakuwa bibi yake."

Aliweka chini bisibisi. "Nilisikia vizuri tu," akasema. "Siku ya kwanza kabisa nilisikia anafukuzwa. Halafu nikawatazama nyie mliokaa mbele."

Na mimi sikuhitaji aendelee, maana niliwakumbuka tuliokuwa tunakaa mbele. Yule ambaye mama yake alifariki akakaa kwa shangazi. Wale mapacha wa kwa bibi yao. Mimi. Angetuambia nini, kwamba steringi katua mlangoni kwa kikongwe akafukuzwa?

Hasira yangu ikamwachia yeye, ikarudi kwa wenye filamu, hawa wanaoanza upya. Nikamwambia binti yangu amwonyeshe kile kipande kipya. Mzee akakitazama, miwani karibu na kioo, Kisulisuli anashuka, anatua wima, anaondoka. Akaomba kirudiwe. Akasonya.

"Huyu hana kwao," akasema.

"Mtafsirie, babu," binti yangu akamwambia. Nilikuwa nimemsimulia utoto wangu wote tangu asubuhi, kwa kufoka. "Kama ulivyomtafsiria baba."

Akazima sauti ya simu, akakohoa, na akatoa ile sauti. Imekwaruza, pumzi ni fupi, lakini ilikuwa ile ile. "Kisulisuli huyo anashuka. Anatua. Anatazama nyumba ya bibi yake, anatazama, anaikosa..." Kijana kwenye kioo alikuwa anatembea peke yake kwenye barabara yenye maji, maghorofa kila upande. Mzee akatafuta pa kumweka bibi. Niliona macho yake yanazunguka kioo kizima. Hakuna mlango hata mmoja ulioachwa. Akanirudishia simu, akachukua bisibisi yake.

Tulirudi kwa miguu. Upepo ulikuwa umeongezeka na vumbi linatupiga usoni. Nilikuwa bado nafoka, nawatukana watu walio mbali ambao hawatanisikia, nasema nani kawaambia mtu huanza upya kwa kuwafuta waliomlea. Binti yangu akaniuliza, "Sasa bibi yake Kisulisuli, yule wa kwenu, alikuwa anakaa wapi?"

Nilisimama, kwa sababu tulikuwa tumefika. "Alikaa hapa," nikamwambia.

Hapa sasa ni fremu za maduka. Bibi alipofariki wajomba walikaa kikao, wakaibomoa nyumba, wakajenga fremu, na mimi nilikuwa Dar es Salaam nikapigiwa simu jambo likiwa limekwisha. Pale palipokuwa jiko, ambapo nilichuchumaa kila asubuhi, pana kijana anauza makava ya simu. Yamening'inizwa toka juu hadi chini, na kwenye safu nzima yupo yeye, ndevu zimechongwa, nguo nyeusi, wima, anatazama mbele.

Nadhani nilikuwa nimesimama muda mrefu, maana muuzaji alidhani ni mteja. "Karibu, mzee. Haya ndiyo yanayotoka sasa hivi," akasema, akataja lile jina la Kiingereza. "Nikupe hili?"

Nikamwambia huyo simjui.