Kigwa Zamu ya Mwisho

Mimi nilikuwa na mdomo mkali, sifichi. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikaa kwenye redio ya mawasiliano pale Tabora mjini, na zahanati tatu za vijijini zilinitegemea mimi kuitiwa gari la wagonjwa. Masafa yalikuwa mamoja tu. Wawili wakibonyeza kwa pamoja, husikii ila mkwaruzo. Na kila neno lilikula betri, ambayo huko vijijini ikiisha mpaka iletwe mjini kuchajiwa.

Tatizo letu lilikuwa salamu. Mganga wa upande wa Igunga, mtu mzima, hakuweza kutaja hata dawa moja kabla hajamaliza mwangaluka, za nyumbani, za ng'ombe, mvua je. Nani amkatize mzee? Wote wanaitikia, hewa imejaa, betri zinakwisha. Jamani!

Nikaanza kuchunguza. Wiki kadhaa niliandika daftarini nani kagongana na nani, na betri ya nani imedumu. Mwisho nikatoa utaratibu: Igunga kwanza, Nzega wa pili, Kigwa mwisho. Salamu natoa mimi, moja kwa wote. Anayeingia nje ya zamu simjibu.

Muuguzi wa Kigwa, binti mpole, aliingilia mara moja tu. Nilimgombeza wote wakisikia.

"Samahani, dada," alisema, na hakurudia tena.

Migongano ikaisha, betri zikadumu, mkubwa wangu akanisifu. Kichwa kikavimba, nisiseme uongo.

Asubuhi moja ya mvua mzee wa Igunga alikuwa na orodha ndefu ya chanjo, na Nzega naye akaleta yake. Kigwa ilifikiwa baada ya karibu saa nzima.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Haya, sema."

"Nina mama yuko kwenye uchungu, damu inamtoka. Naomba gari."

"Imeanza saa ngapi?"

"Ulipofungua redio tu, dada."

"Na muda wote huo umekaa unasikiliza habari za chanjo?"

"Zamu yangu ilikuwa bado."

Gari lilikwenda mbio. Mama alipona. Mtoto hakupona. Hakuna aliyenilaumu, na hilo liliniuma kuliko lawama yoyote. Siku ile sikula.

Kesho yake nilifungua redio kwa swali jipya: "Kuna mwenye mgonjwa? Aseme sasa, zamu baadaye." Hakuna aliyejibu. Nikamwita Kigwa kabla ya wote, nimwombe radhi wote wakisikia, kama nilivyomgombeza.

Kimya.

Nikaita tena. Kimya. Nikaogopa labda betri imekufa, au binti ameacha kazi. Ikabidi niendelee. Nikampitia Igunga, nikampitia Nzega. Kisha nikaita Kigwa.

"Shikamoo, dada," akajibu palepale.