Mkono wa Baba Kwenye Sataranji

Wiki iliyopita nilikuwa nacheza sataranji kwenye simu na mtu nisiyemjua, wala sijui yuko nchi gani. Hatua ya tatu tu, akamtoa malkia wake nje. Akaanza kumzungusha mapema vile, hana mpango, hana adabu, anatafuta ugomvi tu. Mwenzangu, sikuweza kuendelea. Nilizima simu nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi tayari. Mume wangu akaniuliza kuna nini, nikamwambia hakuna kitu. Wewe nitakuambia.

Nilikulia kwa bibi mzaa mama, kule Kihagara, kwenye nyumba ya matofali ya kuchoma inayotazama ziwa. Baba na mama walikuwa juu, Mbinga, kwenye kahawa na baridi, pamoja na wadogo zangu. Mimi nilishushwa ziwani ili bibi asikae peke yake. Nilishuka na sweta langu na Kimatengo changu, watoto wa Kinyasa wakanicheka mpaka wakachoka wenyewe. Bibi alinifundisha ugali wa muhogo, ule mweupe unaovutika, na usipa, dagaa wa ziwani, waliokaushwa mchangani, anawakaangia nyanya na pilipili hadi unapiga chafya ukiwa uani. Alfajiri tunateka maji ziwani, jioni tunatwanga muhogo, na sauti ya mawimbi haikomi. Mpaka leo nikilala mahali pakavu, usingizi unanisumbua.

Baba alikuwa dereva wa lori la makaa ya mawe. Anapakia Ngaka, anapeleka mbali huko pwani kwenye viwanda vya saruji, anarudi. Ujanani alisoma seminari, upadri ukamshinda, akatoka na vitu viwili: nyimbo za Kilatini, na sataranji aliyofundishwa na padri mmoja mzee. Akipata likizo alishuka kwa bibi na mfuko wa kete za mbao, tunacheza kwenye mkeka hadi bibi anatufokea tukale. Na alivyocheza, jamani! Malkia nje mapema, farasi wanaruka ovyo, askari wa bure hamwachi hata kama mtego unaonekana kutoka barabarani. Na mfalme wake hakumficha hata siku moja. Ile hatua ya kumweka mfalme ngomeni, pembeni, nyuma ya askari wake, kila mchezaji mwenye akili anaifanya mapema. Baba aliikataa. "Mfalme wa kujificha ni mfalme wa nani?" anasema, halafu anacheka mpaka anakohoa vumbi la makaa.

Bibi alikuwa akisikia kicheko kile anatikisa kichwa. "Na lori analiendesha hivyo hivyo," anasema. Sisi tunaendelea kucheza.

Nilipofika darasa la saba tukawekwa kambi. Ndiyo desturi yetu: miezi ya mwisho kabla ya mtihani, watoto wanalala shuleni, wanakula shuleni, wanasoma hadi macho yanawasha. Tulilala madarasani, madawati yamesukumwa ukutani, upepo wa mwera unapiga mabati usiku kucha. Maharage ya Mbinga leo, maharage ya Mbinga kesho, Ijumaa samaki mmoja mmoja. Aliyetusimamia alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu wa Tanga, Mwislamu aliyepangiwa kazi kwetu, na kwa Kiswahili chake kile tulidhani mwanzoni anatuimbia. Alikuwa mpole, hana fimbo. Na kumbe alikuwa na ubao wa sataranji juu ya kabati la ofisi, na kitabu kisicho na jalada chenye michezo ya mabingwa wa zamani.

Aliponikuta nachora miraba kwenye mchanga, akaniita. Tangu siku ile, baada ya vipindi vya jioni, ilikuwa mimi na yeye ofisini. Nilikuja na fujo zangu za baba, akanipiga kila siku bila hata kukunja uso. Kisha akaanza kunifundisha. Kwanza ufunguzi: shika katikati, toa farasi na maaskofu, mfiche mfalme, ndipo ufikirie vita. Nikakariri kama katekisimu, akanikemea. "Usikariri, mwanangu. Mwenzio akisogeza kete, jiulize: anataka nini?" Halafu tukaingia kwenye kitabu. Anafunika hatua inayofuata kwa rula, nakisia bingwa alifanya nini, anafunua, tunaona nilipopotea. Nilikosea sana. Kisha nikaanza kukosea kidogo.

Lakini zoezi nililolipenda kuliko yote lilikuwa lile la majina. Alifunika jina la bingwa kwa kiganja, tunaucheza mchezo mzima, halafu ananiuliza: "Nani huyu?" Mwanzoni niliona uchawi. Baadaye nikatambua. Huyu anapenda kubana, yule anapenda kufungua, huyu hawezi kuvumilia askofu wa mwenzake, yule akitishwa anarudi nyuma hatua moja ndogo. Mwalimu akasema mtu anaweza kubadili nguo, hata sauti, lakini mkono wake kwenye sataranji habadili. Nilijivunia sana kipaji hicho. Laiti ningejua.

Baba alipopata habari kwamba nina mwalimu, akanitangazia vita. Sisi wanafunzi simu haturuhusiwi, basi akawa anatuma hatua zake kwa ujumbe kwenye simu ya mwalimu, kutoka popote alipolaza lori. Mwalimu ananigeuzia kioo nisome mwenyewe. "Farasi wangu yuko njiani, mwambie malkia wako afunge mlango." Au: "Binti mchokozi, umeniibia askari, nitakuja kumdai kwa bibi yako." Mwalimu anaona aibu kwa niaba yake, mimi nacheka, najibu hatua yangu, anaituma. Hatua moja kwa siku, pengine siku mbili zinapita kama yuko porini pasipo na mtandao. Ubao ulibaki juu ya kabati na hakuna mwalimu aliyethubutu kuugusa. Na kwa mara ya kwanza nilikuwa nambana baba. Malkia wake alikuwa amezurura hadi amechoka, mfalme wake yuko katikati peupe.

Kisha kukawa kimya. Siku zikapita, baba hajibu. Bibi, aliyezoea kuja kila Jumapili baada ya ibada na muhogo wa kuchoma, naye hakuja. Jumapili iliyofuata akaja, kitambaa ameshusha hadi kwenye nyusi, sauti imekauka. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa shida. Nikamuuliza, akasema alikwenda Mbinga kuchukua mbegu ya maharage, baridi ya kule imemwingia kooni. Mbegu yenyewe sikuiona. Alinishika kichwa, akakishika tena, akaondoka haraka bila kuniuliza kama nimekula.

Ijumaa ile mpishi akaniwekea samaki wawili. Rafiki yangu tuliyelala godoro moja, mtani wa kwanza duniani, akaacha kunitania. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwahi kunijua jina, akanipita akasema, "Soma kwa bidii, mama." Mama! Mimi? Nilikuwa nimefundishwa kujiuliza mtu anataka nini, nikajiuliza kwa kila mmoja. Bibi mwenyewe ndiye aliyenizoesha kusema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Basi jioni moja mwalimu akaniita. "Baba yako amejibu. Akusalimu sana." Simu ilikuwa mkononi mwake, lakini kioo kimeelekea kwake. Alisoma: mfalme anaingia ngomeni.

Nilicheka. Nikasema mwenyewe kwa sauti, leo baba kapata akili! Mwalimu akatabasamu, akamsogeza mfalme wa baba pembeni, akamweka katikati kabisa ya mraba wake, safi. Nikaacha kucheka.

Usiku sikulala vizuri, lakini nilijipa moyo. Labda amezeeka. Labda amenisikiliza, maana nilimshauri siku nyingi. Nikaamua kumjaribu. Nikamwachia askari wa bure, yule askari ambaye baba angemkimbilia hata kama anaendesha. Mtego wa kitoto. Siku ya pili mwalimu akasoma jibu, kioo tena kimegeukia kwake. Askari hakuguswa. Askofu amerudi nyuma hatua moja ndogo.

Mwenzangu, hatua ile niliijua. Nilikuwa nakutana nayo kila jioni, kwenye meza ile ile, kutoka kwenye vidole vile vile vilivyoshika simu. Hapakuwa na haja ya kuondoa kiganja nisome jina. Nilimtazama mwalimu, naye akatazama dirishani, ziwa limekuwa jeusi kwa wingu. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumwuliza baba yangu yuko wapi. Lakini nilijua nikiuliza nitajibiwa, na jibu likishatoka halirudi. Nikasogeza kete yangu.

Ndivyo tulivyoendelea, jioni hadi jioni. Anasoma uongo wake kwa Kiswahili chake kizuri, mimi naupokea. Alijitahidi, maskini. Mara nyingine alimrusha farasi ovyo ili afanane na baba, lakini kesho yake anamrudisha, roho yake haimpi. Na alikuwa amerithi mchezo mbovu. Mashimo aliyoyachimba baba hayakuzibika, hata kwa fundi kama yeye. Nami nilikuwa nimejua sana kucheza, bahati mbaya iliyoje. Siku chache kabla ya mtihani niliona njia: ngome yangu, ile kete ya mnara, inashuka hadi mstari wa mwisho, mfalme wa baba hana pa kwenda. Mati.

Niliishika ngome. Nikaona kwamba nikiishusha, mchezo umekwisha, na mchezo ukiisha hakutakuwa na ujumbe wa kesho. Nikaiachia. Nikasogeza askari wa pembeni kabisa, hatua isiyo na maana yoyote, hatua ya mtu asiyejua kucheza.

Mwalimu aliutazama ubao muda mrefu. Alikuwa na macho ya kuona mati kutoka mlangoni. Nikaona ameiona ngome, ameuona mstari, akaniona mimi.

"Hebu, mwanangu," akasema taratibu. "Tazama vyema."

"Nimetazama, mwalimu."

"Umetazama vyema?"

"Vyema sana, mwalimu."

Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Haya," akasema. "Baba yako atajibu kesho." Nikatoka nikaenda kupanga foleni ya maharage.

Nilifanya mtihani. Hesabu zilikuwa nyepesi. Karatasi ya mwisho ilipokusanywa, wenzangu walikimbilia ziwani na sare zao wakipiga mayowe ya furaha, na mimi nikabaki mlangoni kwa sababu bibi alikuwa amesimama uani, na mwalimu mkuu, na mwalimu wangu nyuma yao kidogo. Bibi alifungua mikono. "Mjukuu wangu, baba yako..."

"Najua, bibi."

Bibi aligeuka kama aliyechomwa. "Mwalimu! Umemwambia? Tulikubaliana mpaka amalize!"

"Wallahi, mama, sijamwambia neno!"

"Hajaniambia," nikasema. "Alikuwa anacheza tu." Bibi hakuelewa, na sikuwa na nguvu za kumweleza. Hapo ndipo waliponieleza wao: lori lilikuwa limesheheni, breki zikakataa kwenye mteremko. Alizikwa Mbinga, wiki kadhaa zilizopita, mimi nikiwa nakisia hatua za mabingwa chini ya rula.

Nilimchukia mwalimu yule, nisikufiche. Nilimchukia hadi nikawa mtu mzima, nikazaa, nikapata mtoto wa kumdanganya kwa huruma, ndipo nikamwelewa. Alishahamishwa, sijui yuko wapi. Bibi naye hayupo. Msiba wake niliuwahi, nililia na watu, tukapokezana. Barabara ya kushuka ziwani siku hizi ni lami, unatoka Mbinga na chai yako kwenye chupa, unafika bado ina moto. Na baba hajabakiza mchezo hata mmoja ulioandikwa, nimebaki na ule wetu wa mwisho kichwani, na kila mwaka unapungua hatua.

Lakini nililotaka kukuambia ni siku ile nilipopandishwa nyumbani Mbinga. Nilikuwa nimeubana msiba kifuani siku zote zile, nikisubiri kufika niutue. Tukafika. Hapakuwa na turubai. Viti vya kuazima vilikuwa vimesharudishwa, na sufuria kubwa za kanisani pia. Mama alikuwa anachambua kahawa, amekonda, ametulia. Jirani alipita na ndoo akatusalimu, akauliza habari za mtihani. Kaburi lilikuwa nyuma ya mibuni, udongo umeshakauka na kupasuka, na majani yameanza kuota pembeni. Nikapiga magoti, nikaangua kilio nilichokileta kutoka ziwani, peke yangu, sauti yangu ikaenda hadi kilima cha pili. Watu wakainua vichwa kwenye mibuni kutazama kuna nini.

Mdogo wangu wa mwisho alinifuata, akasimama pembeni, mdomo una ugali. Aliningoja kidogo. Kisha akanivuta sketi.

"Dada," akasema, "sisi tulishamaliza kulia."