Mvua Iliyonyesha Upande Wangu

Wewe unayenijua hutashangaa nikisema nilikwenda Kasongo kwa wivu. Wengine walitoka Kabambare, Nyangwe, hata Kindu, kwenda kumpa heshima mwalimu wetu mzee kabla Mungu hajamchukua. Mimi nilipanda pikipiki kutoka Wamaza, mgongo ukipigwa na mashimo ya barabara, kwa sababu nilisikia kwamba mdogo wangu wa kike ndiye atakayesimama mbele ya watu kumsifu mwalimu kwa niaba ya wanafunzi wake wote. Nikasema: sawa, na mimi nitakuwepo. Nataka nione kama yule mzee akiniangalia atajua mimi ni nani. Hilo tu. Akinijua, nimepona. Asiponijua, basi nirudi kwenye mihogo yangu nikae kimya mpaka nife.

Walikuwa wameshona kitenge cha aina moja, kama tunavyofanya kwenye sherehe zetu, buluu yenye maua ya njano. Nikaomba changu. Msichana wa kamati, kucha zimepakwa rangi, akaniuliza, "Mama, ulifika darasa gani?"

"Niliishia kwenye shamba la mpunga," nikamjibu.

Akacheka, akadhani natania. Kisha akaeleza kwa adabu kwamba kitenge ni cha wale waliomaliza. Nikavaa changu cha kijani, kile nilichonunua siku mjukuu wangu alipopata diploma ya sekondari. Wajukuu wangu wanasoma wote, wa kike na wa kiume, na asiyependa kusikia hivyo azibe masikio.

Nilipopita mtaa wetu wa zamani mtu alikuwa anakaanga kahawa uani. Harufu ile! Nikasimama barabarani kama nimeitwa.

Maana kwetu asubuhi ilikuwa harufu hiyo, na harufu ya mawese, na mlio wa michi. Nyanya yangu, mama wa baba, aliamka kabla ya kuku. Msimu wa mavuno alitandaza mikeka uani, akaanika mpunga, akakaa pembeni na ufito kuwafukuza kuku. Upande mmoja tulisikia adhana, upande wa pili kengele ya kanisa. Kengele ikilia, nyanya alitema mate. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa tu. Sisi tulikuwa Waislamu, na masomo siku hizo yalikuwa ya kanisa. Wazee walisema mtoto akiingia mule atatoka na jina jingine, kichwa kimemwagiwa maji. Kuna wavulana ambao ni kweli walitoka hivyo. Kwa hiyo wavulana wachache walipelekwa, wasichana hakuna hata mmoja.

Mpaka alipokuja mwalimu. Alizaliwa kwenye nyumba ya Kiislamu kama yetu, upande wa Nyangwe. Ijumaa aliswali msikitini, Jumatatu alifundisha kwenye shule ya kanisa, na pande zote mbili zilimwangalia kwa jicho la pembeni. Alikuwa mwembamba, suruali imefungwa kamba kifundoni isiingie mnyororo wa baiskeli. Alizunguka nyumba kwa nyumba kuomba wasichana. Kwa Wakristo vilevile, maana usidhani wao waliwapeleka binti zao mbio. Jirani yetu Mkristo alikuwa na wasichana kibao na wote walikuwa shambani. Mwalimu alikaa kwake, akala sombe yake ya majani ya mihogo, akaomba. Akaja kwetu, akanywa kahawa yetu, akaomba.

"Mwalimu," baba akamwambia, "mutoto mwanamuke akijua kuandika, ataandikia nani?"

"Atakuandikia wewe, mzee, siku atakuwa mbali na wewe uko mgonjwa."

Baba akamwongezea kahawa. Nyanya ndiye aliyebaki. "Na maji?"

"Hakuna maji, mama. Saa ya katekisimu watoto wako watakaa inje na mimi. Watavaa vitambaa vyao vya kichwa. Na hawataenda kulima shamba ya mwalimu wala kuchotea bibi yake maji. Iyo nimeikataza."

"Siku nitaona maji kwenye kichwa ya hawa watoto, wewe na mimi tumeachana."

"Tumeachana, mama."

Ndivyo tulivyokwenda, mimi na mdogo wangu, miguu imepakwa mawese ikang'aa. Na nikuambie jambo ambalo mdogo wangu halipendi: mimi nilikuwa na akili kumshinda. Mwalimu akiuliza, jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi wangu. Mdogo wangu alikuwa anatafuna ncha ya kitambaa. Nilikuwa namfinya paja chini ya benchi na kumnong'oneza, naye anasimama anajibu kwa sauti kama ni lake. Mwalimu alikuwa ananiangalia mimi, siyo yeye. Nilijua.

Sasa sikiliza jinsi maisha yanavyogawanywa. Siku moja padri alikuja kutembelea shule. Pikipiki yake ilipita mtaani kwetu asubuhi, nyanya akaisikia. Padri alikuwa amesimama mbele ya darasa, mvua ikaja. Paa lilikuwa la nyasi, limezeeka, na lilikuwa linavuja mahali pamoja, juu ya benchi letu, upande wangu. Mdogo wangu alikuwa anatetemeka kwa baridi, nikamfunga kitambaa changu juu ya chake. Maji yakaniingia kwenye misuko yote, yakashuka mpaka shingoni. Sikuhama. Nilitaka padri aone jinsi ninavyosoma.

Wewe unaijua mvua ya Kasongo. Inaweza kunyesha kilimani na kuacha mtaa wa chini unapigwa na jua. Tulipofika nyumbani uwanja ulikuwa mkavu, mpunga uko kwenye mikeka, kuku wanahema. Nyanya akaniona. Akashika kichwa changu kwa mikono miwili, akanusa, akapiga yowe majirani wakatoka.

"Wamemubatiza! Mutoto wangu wamemubatiza!"

"Nyanya, iko maji ya mvua!"

"Mvua gani? Uliona hapa mvua? Padri amepita hapa na pikipiki yake, wewe unaniambia mvua!"

Alinisugua kichwa kwa majivu mpaka ngozi ikawaka. Sheikh akaitwa kunisomea. Jioni mwalimu akaja mbio kwa baiskeli, na ilikuwa kama kesi kwa chifu.

"Mama, paa la masomo linavuja."

"Na huyu mudogo? Paa limemuogopa?"

Wakafungua vitambaa vya mdogo wangu, cha kwanza na cha pili. Kichwa kikavu kabisa. Ukavu ule ulinihukumu mimi. Baba na mwalimu wakatoka kuongea nyuma ya nyumba, muda mrefu. Baba aliporudi akasema, "Mudogo ataendelea. Mukubwa ataenda kwa mupunga."

Kufukuza ndege kwenye mpunga, kama hujawahi, ni kazi ya kupiga kelele kuanzia alfajiri. Unakaa kwenye kichanja, unapiga debe, unavuta kamba zilizofungwa makopo. Ndege wale wadogo wanakuja kama moshi. Sauti yangu hii mbovu mnayoicheka wote ilipotelea huko. Na njia ya baiskeli ilipita kando ya shamba letu. Mwalimu alikuwa anapita. Nilimwona kila mara, suruali imefungwa kamba. Siku za kwanza nilisimama kwenye kichanja nikapunga mikono, nikaita, "Mwalimu! Mwalimu!" Hakugeuka. Alikanyaga pedali, macho mbele, akapita kama mtu anayepita makaburini. Baadaye na mimi nikaacha kuita. Akitokea, nilimpa mgongo, nikapiga debe kwa nguvu.

Jioni mdogo wangu alirudi na chaki kwenye vidole. Nilikuwa natwanga, yeye ameketi anasoma kwa sauti. Akikosea, nilijua kwamba amekosea, nikanyamaza. Alipofaulu, nyanya, yuleyule wa majivu, alimkaangia samaki mzima. Mimi nilipewa kichwa cha samaki. Unacheka? Mimi bado sicheki.

Amekuwa mwalimu yeye pia, huko Kindu. Ana miwani. Mimi niliolewa Wamaza, nikapata mume mwema, watoto, mashamba. Herufi nilizopoteza nilizirudia ukubwani, kwenye vitabu vya mtoto wangu wa mwisho, ndizo hizi unazosoma. Sikukosa maisha. Lakini kila mdogo wangu alipokuja kutembea, na vile anavyoshika kalamu bila kuiangalia, nilichukua jembe nikaenda kulima.

Basi, sherehe. Mwalimu alikuwa ameketi chini ya turubai kwenye kiti chenye matakia, mdogo kama mtoto, macho yameingia ukungu. Wakubwa wa serikali waliongea. Sheikh akaongea, padri akaongea, kila mmoja akimvuta mwalimu upande wake. Kisha mdogo wangu, kitenge cha buluu, miwani. Aliongea vizuri, na huo wivu wangu haunifanyi niwe kiziwi. Alisema mtu huyu aliwatoa wasichana wa Kasongo jikoni. Watu wakapiga vigelegele. Mimi sikupiga. Nilikuwa naangalia mkono wa mzee, uliokuwa unachezea kona ya takia.

Halafu wanafunzi wakapanga mstari kumsalimia. Kila mmoja anajitaja na kazi yake. Mimi mganga wa hospitali. Mimi mkurugenzi. Mimi mtu wa benki. Mdogo wangu alikuwa amesimama karibu na kiti, anamtajia majina yao kwenye sikio. Nikaingia kwenye mstari na kijani changu. Msichana wa kamati akanigusa bega, "Mama, wewe..." Nikamwangalia tu. Akarudi nyuma.

Ikafika zamu yangu. Mdogo wangu akafungua mdomo, nikamkata.

"Shikamoo mwalimu. Mimi sina kazi ya kutaja. Nilikuwa nafukuza ndege."

Ile sauti yangu mbovu. Mzee akashika mkono wangu, na hakuuachia kama alivyoachia ya wengine. Akauvuta mpaka nikapiga magoti.

"Wewe uko yule wa kichanja," akasema. "Uliniita. Nilikusikia."

"Na haukugeuka."

"Baba yenu alinikataza. Nyuma ya nyumba, siku ile. Alisema: ukimusemesha mukubwa hata neno moja, na mudogo nitamutoa. Mama, ningefanya nini? Nilikuwa na mutoto mumoja mukononi." Machozi yalikuwa yanamtoka bila aibu, kama ya mtoto. "Kulikuwa na njia nyingine ya kwenda kwetu. Fupi. Nilipita ile ya mupunga nipate kukuona kama ungali hai. Wale wote walionipita leo sijui kama nimewafundisha au walijifundisha. Lakini wewe njo ninajua kwamba nilikupoteza."

Watu nyuma walikuwa wanasukuma, mstari mrefu. Hawakusikia. Mdogo wangu alisikia. Alikuwa ameinama palepale, sikio karibu na mdomo wa mzee.

Tulikwenda kula kwa binti wa yule jirani wa zamani. Bugali, sombe, samaki wa mto Lualaba. Mdogo wangu alivua miwani akaiweka kando ya sahani.

"Yaya," akasema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "mimi nilikaa mbele yake miaka yote. Leo nimemusifu mbele ya watu, akaniambia asante, mama. Hakusema kitu ya zaidi."

"Alichoka."

"Hakuchoka kwako."

Nikamtazama usoni. Ile hali naijua, nimeipika mwenyewe tangu utoto, najua inavyobana shavu na kukausha mdomo. Ilikuwa imehamia kwake. Ungependa niseme nilimhurumia. Nilionja utamu kwanza. Huruma ilikuja nyuma, polepole, kama mzee anayepanda mlima.

Nyanya amekufa, baba amekufa na ile siri yake ya nyuma ya nyumba. Shule ina bati. Wasichana wanakwenda, wenye vitambaa na wasio navyo, na hakuna anayenusa vichwa vyao. Lakini mwalimu wa kuzunguka nyumba kwa nyumba, anywe kahawa ya mtu asiyemtaka, azunguke njia ndefu kuangalia mtoto aliyenyang'anywa, huyo simwoni tena. Na kuna kingine kilichopotea, sikutegemea kukikosa. Nimerudi Wamaza, naamka alfajiri, nautafuta wivu wangu mahali unapolala, mahali hapo pako wazi. Ulinifanya nilime, ulinifanya nisomeshe wajukuu, ulikuwa unaniamsha. Sasa sijui kinachoniamsha ni kitu gani.

Mdogo wangu alisukuma sahani siku ile, samaki hajaguswa, akasema hana njaa. Nikamuuliza mara ya pili, akatikisa kichwa. Basi nikaivuta kwangu, nikamla samaki mzima.