Ua wa Nusrat

Kijijini kwa Bunafsha nyumba zimepandana mlimani: paa la udongo la jirani wa chini ndilo ua wa jirani wa juu. Kwa hiyo theluji huanza kutolewa juu, ikasukumwa paa kwa paa hadi korongoni. Anayejitia kiherehere akaanzia chini atafanya kazi mara mbili.

Theluji ilianguka siku tatu, na Nusrat, jirani wa juu, hakutoa hata beleshi moja. Bunafsha alidhani anajua sababu. Vuli ile ng'ombe wa Nusrat alikuwa amemtobolea paa kwa kwato, naye alimpasha maneno ambayo hata mbwa hangeyalamba. Tangu hapo hawasalimiani.

Siku ya nne boriti ya paa la Bunafsha ikapata ufa wa kuingia kidole. Chini yake alikuwa mkaza mwanawe, Gulsifat, na kichanga cha siku kumi na mbili, na mzazi hatoki nje kabla ya arobaini. Mume wa Gulsifat yuko vibaruani Urusi. Gulsifat akamsihi mama mkwe aite watu kwa kazi ya ujima. Bunafsha akakataa katakata. Mjane aliyeezeka nyumba yake kwa mikono yake aende kubisha milango ya watu? Kiburi hicho kilikuwa upumbavu mtupu, lakini ndicho kilichomlea.

Akachukua beleshi la mti, akapanda kummalizia Nusrat maneno ya vuli. Alimkuta kifudifudi, mgongo umefungwa sufu.

"Mbona hukusema unaumwa?"

"Nimwambie nani, shemeji? Wewe na ulimi wako?"

Bunafsha akatoka na beleshi lake. Alipanda kwenye paa la Nusrat akaanza kusukuma theluji, kama desturi inavyotaka. Mafungu mawili yalikuwa yameanguka uani, yaani juu ya paa lake mwenyewe, Nusrat alipojikokota hadi mlangoni, uso ukimvuja jasho kwa maumivu.

"Acha! Boriti yako naisikia ikilia tangu jana. Unamzika mjukuu wako. Leo anzia chini."

"Halafu ya kwako ianguke pale pale?"

"Ianguke. Tutaitoa tena."

Bunafsha akaacha kusukuma. Alikuwa karibu kumuua mtoto kwa kufuata utaratibu. Tena paa lake lilikuwa pana, na mikono yake miwili haikuliweza.

Nusrat alimtazama, kisha akageukia kijiji akapaza sauti kwamba mgongo umemshinda, waje wamsafishie ua. Mgonjwa hakataliwi. Wakaja watu tisa na mabeleshi yao. Mmoja akauliza kama huo si paa la Bunafsha.

"Nimesema ua wangu," Nusrat akajibu. "Na mmoja ashuke na nguzo, aitegemeze boriti iliyoubeba."

Bunafsha alikaa pale pale kwenye theluji, akalia waziwazi bila kujali nani anaona. Kisha akajipangusa, akachukua beleshi lake, akashuka kumsaidia jirani yake kusafisha ua.