Karani Asiyengoja "Ila"

Kasiani alikuwa karani wa takwimu wa idara ya afya mjini Morogoro, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko hata wa bosi wake, jambo ambalo hakuacha lisahaulike. Mwaka sabini na tano alitumwa vijiji vya Mgeta kuuliza hali ya uzazi, ili wakubwa waamue nani apewe mkunga. Vijiji tisa, mkunga mmoja.

Fomu aliitunga mwenyewe. Chini ya kila swali aliweka majibu matatu ya kutia alama: nzuri, wastani, mbaya.

Katika kijiji cha mwisho, juu kabisa mlimani, alimkuta Bi Mwanaheri, aliyezalisha nusu ya watu wa huko kwa mikono mitupu. Barabarani lori la kabichi lilikuwa likipiga honi.

"Shikamoo, mama. Habari za uzazi hapa?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri. Ila..."

"Nashukuru, mama." Kalamu ilishatia alama kwenye "nzuri". Akateremka mbio kuwahi lori.

Jamani, na alizaliwa Mgeta hiyohiyo! Nani asiyejua kwamba kwetu habari huwa nzuri hata maiti ikiwa ndani, na kwamba habari yenyewe huja baada ya "ila"? Mwacha mila ni mtumwa, na huyu alikuwa mtumwa wa fomu.

Mkunga akapelekwa kijiji cha chini, ambako mwenyekiti hakuwa na adabu ya kuanza na nzuri.

Miezi minane baadaye Kasiani alirudi, safari hii kuuliza habari za dawa. Akaketi, akasikiliza. Bi Mwanaheri akamweleza kwamba siku ile alitaka kusema wanawake wawili wamekufa wakijifungua. Baada yao akafuata Hidaya, binti yake wa mwisho. Damu haikukatika. Walimbeba kwa machela, wakafika barabarani na maiti.

Kasiani alilia waziwazi. "Ni mimi, mama. Mimi ndiye niliyeandika nzuri."

Mama hakumlaumu, na hilo lilimchoma zaidi.

"Mkwe wangu ana mimba ya miezi saba," alisema. "Sasa umeandika sawasawa?"

"Nimeandika, mama."

"Basi mkunga anakuja lini?"

Kasiani alijua mkunga ni yuleyule mmoja, na kule chini wameshamjengea nyumba.

"Haji, mama," akasema. "Hatuna mwingine."