Nyanya za Mangina na Chef de Poste

Siku ya kwanza ya kazi nilifika Mangina na cravate shingoni na viatu vya kung'aa. Nilikuwa nimetoka Kasai, ambako shule ya kilimo ilinifundisha kuandika rapport za kazi zaidi ya kushika jembe. Uhuru ulikuwa ungali mupya. Bazungu balikuwa bameondoka, na kwenye bureau nilikuta Chef de Poste, mukubwa wa kituo cha kilimo, mutu ya jimbo la Équateur mwenye sauti kubwa. Aliniangalia toka kichwa mupaka miguu, akanipatia wembe.

«Cravate irudishe mu sanduku,» akasema. «Hapa tunaunganisha nyanya.»

Wakati ule nyanya za Mangina zilikuwa zinakufa kwa ugonjwa wa udongo. Asubuhi mumea ni mubichi. Jua likipanda, majani yanalala kama yamemwagiwa maji ya moto, wala hayaamuki tena. Dawa haikuwako. Chef alijua njia moja, greffe. Unapanda biringanya ya pori, ile ya miiba, sababu mizizi yake inavumilia ugonjwa ule na mvua nyingi. Shina likifikia unene wa kijiti cha kibiriti, unalikata kichwa, unalipasua katikati, unaingiza ncha ya nyanya uliyoichonga pande mbili, unafunga na uzi wa mugomba. Kisha miche inakaa ndani ya kibanda chenye kivuli, magunia yaliyolowa kila upande, mupaka kidonda kipone. Ukipeleka shambani, kiungo kibaki juu ya udongo. Kikifunikwa, nyanya itaota mizizi yake yenyewe na ugonjwa utaingia.

«Mukono yako iko na haraka!» Chef alinigombeza. «Ngozi iguse ngozi. Ukiacha nafasi, donc umeua miti mbili.»

Mwanzoni bakulima balikataa miche yetu. Balisema tunaozesha vitu ambavyo Mungu alivitenga. Mama Kahindo, aliyeuzisha nyanya soko ya Beni, ndiye alikubali, sababu shamba yake yote ilikuwa imenyauka.

«Balete tu,» aliambia majirani. «Batoto bangu bananiomba chakula, hapana maneno.»

Musimu ule nyanya zake zilisimama, zikazaa mupaka tukaziwekea miti ya kuegemea. Majirani bakaanza kuja kibandani, mumoja mumoja.

Ndipo rebellion ya kupinga Leta, serikali yetu, ikafika. Askari ba Leta balikimbia na camion kwenda Butembo, sisi tukabaki. Barebelle balitukuta Chef, mimi na Mama Kahindo katika shamba yake.

«Nani hapa anakula mushahara ya Leta?» commandant wao akauliza.

Tulijua maana yake. Habari za makarani baliouawa zilikuwa zimetutangulia. Chef alijipangusa udongo mikononi, akasimama.

«Ni mimi. Peke yangu.»

«Na huyu?»

Mama Kahindo akajibu kabla sijafungua kinywa: «Huyu ni mutu yangu ya shamba. Hapana kujua hata kusoma. Muache amalize mustari.»

Nikainama, nikaendelea kupalilia. Balimupeleka Chef kwa barabara ya Beni, na hakurudi.

Mupaka askari ba Leta barudi, nililala jikoni kwa Mama Kahindo na kulima shamba yake. Mangina yote ilinijua. Hakuna aliyenisema kwa barebelle.

Baadaye Leta ilinituma Mavivi, ambako nilifundisha greffe kwa bamama bengi, kisha Masereka. Kule juu ni baridi, ugonjwa ule haukutusumbua, basi nikashugulikia viazi. Machef nilikuwa nao bengi, bamoja bapole, bengine bakali, lakini niliowafundisha kukata miche niliwagombeza kwa maneno ya yule wa kwanza.

Nilipopumzika kazi kwa uzee, nikajenga Butembo. Siku moja mwanamuke akaja kunitafuta: binti ya Chef, ametoka Équateur. Nikamupeleka Mangina. Mama Kahindo, sasa muzee, alimushika mikono yote mbili, hakuiachilia. Kaburi ya kumuonyesha hatukuwa nayo. Yeye aliuliza tu baba yake alikuwa mutu wa namna gani kazini.

«Alikuwa anapiga muluzi,» nikasema. «Toka asubuhi. Wimbo mumoja wa kucheza.»

Akashangaa. «Papa? Kwetu hakupigaga muluzi hata siku moja.»

Mama Kahindo akacheka, akalowesha midomo, akaupiga ule wimbo wote, bila kukosea.